Mtihani wa Elimu ya Viumbe: Kutoka Cambridge hadi Bokoli

Kila mwaka, mvua zinapopungua na mahindi yakiwa yamekwisha kukauka mashambani, watoto wa kidato cha nne katika shule za Bokoli huingia katika majuma ya mwisho ya kujitayarisha kwa mtihani wa Biolojia. Utawaona jioni wameketi wawili wawili, mmoja ameshika daftari, mwenziwe anajibu bila kutazama: sehemu za ua, kazi za ini, tofauti ya mshipa upelekao damu na ule uirudishao moyoni. Hujibu upesi kama watu wanaohesabu ng'ombe wanaoingia zizini. Wachache miongoni mwao hujiuliza mtihani huo ulitoka wapi, ni nani aliyeuleta, na kwa nini swali moja huuliza habari za panzi na jingine habari za damu. Nitaisimulia habari hiyo hapa, kwa kuwa naona kwamba mtahiniwa anayeijua hujitayarisha kwa njia nyingine kabisa.

Mtihani wa kumaliza shule za sekondari ulitujia kutoka Uingereza. Baraza la mitihani la Chuo Kikuu cha Cambridge lilianzishwa mwaka 1858 kwa ajili ya shule za kwao, kisha likaeneza kazi yake katika makoloni. Katika Kenya, wanafunzi Waafrika wa shule chache kama Maseno na Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ndio waliotangulia kuufanya. Karatasi za maswali zilitoka ng'ambo zimefungwa kwa lakiri, na karatasi za majibu zikasafirishwa huko huko ili zisahihishwe na watu ambao hawakumjua mtahiniwa wala nchi yake. Mtoto alikaa kwao miezi kadhaa akingoja habari zake kutoka upande wa pili wa dunia.

Siku zile Bokoli ilikuwa sehemu ya wilaya kubwa iliyoitwa Kavirondo ya Kaskazini, baadaye Nyanza ya Kaskazini, na mwaka 1956 upande huu ukafanywa wilaya ya Elgon Nyanza. Shule za msingi zilikuwapo, kwa kuwa Marafiki, yaani Wakweka, walikuwa wamefika Kaimosi tangu mwaka 1902, na Wakatoliki nao hawakukaa nyuma. Lakini kijana aliyetaka sekondari alipaswa kwenda mbali, Kakamega, Yala, Maseno, au hata Kikuyu. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, Marafiki walipojenga shule yao Kamusinga, karibu na Kimilili, ndipo elimu hiyo ilipoanza kusogea karibu na vijiji vyetu.

Na je, kijana yule alisoma nini? Shule nyingi hazikufundisha Biolojia peke yake. Zilifundisha Sayansi ya Jumla au Elimu ya Afya, kwa kuwa masomo hayo hayakudai vyombo vingi. Zile zilizoifundisha zilitumia vitabu vilivyoandikwa kwa watoto wa Uingereza. Mwanafunzi wa magharibi ya Kenya alijifunza jinsi miti inavyopukutisha majani kabla ya majira ya baridi, naye hajapata kuona majira ya baridi. Alijifunza habari za wanyama wanaolala miezi mizima wakikwepa theluji, na mbele ya dirisha la darasa kumbikumbi walikuwa wakitoka ardhini kwa maelfu baada ya mvua, wala hapana kitabu kilichomwambia awatazame. Kitabu cha D. G. Mackean, ambacho vizazi vingi vya Kenya vimekisoma, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1962, na baadaye kikapata toleo la nchi za joto. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Walakini desturi ya kukariri ilikuwa imekwisha kuota mizizi, na chanzo chake, kwa maoni yangu, ni hicho: mtu akiulizwa habari za kitu asichoweza kukiona, atafanyaje ila akariri?

Mambo ya utawala wa mtihani nitayapita upesi. Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na kazi ya Cambridge ikaanza kuhamia kwetu. Tanzania ilijitoa mapema katika miaka ya 1970, Jumuiya yenyewe ikavunjika mwaka 1977, na mwaka 1980 Kenya ikaunda Baraza lake la Taifa. Mwaka 1985 ukaja mpango wa 8-4-4, na watahiniwa wa kwanza wa KCSE wakaketi mwaka 1989.

Jambo zito zaidi lilikuwa la majengo. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 wananchi walijenga shule za harambee kwa wingi, hata zikazidi kwa idadi zile zilizosaidiwa na serikali. Bungoma haikubaki nyuma katika kazi hiyo. Wazazi walichanga kuku, mahindi, matofali na fedha walizopata kwa taabu. Lakini chumba cha maabara ni ghali kuliko darasa, na hadubini moja ilikuwa na bei ya ng'ombe kadhaa. Kwa hiyo shule nyingi zilifundisha sayansi kwa chaki tupu. Mtoto alichora hadubini daftarini mwake, akaandika majina ya sehemu zake zote, akapata alama kamili, na hakupata kamwe kuchungulia ndani ya hadubini yenyewe.

Hapo ndipo mtihani unapomkamata. Biolojia ya KCSE imekuwa na karatasi tatu. Ya kwanza na ya pili huandikwa kwa saa 2 kila moja, na kila moja ina alama 80. Ya tatu ni ya vitendo, ina alama 40, na muda wake ni saa 1 na dakika 45. Alama hizo 40 ni moja ya tano ya alama zote, wala hazipatikani kwa kukariri. Mtahiniwa huwekewa mezani vitu na dawa, akaambiwa afanye, atazame, aandike alichokiona, kisha aeleze sababu. Mathalani hupewa kipande cha ini na haidrojeni peroksaidi. Akiviunganisha, povu hupanda. Akikichemsha kwanza kile kipande cha ini, povu halipandi. Aliyekariri huandika kwamba povu limepanda katika visa vyote viwili, kwa kuwa daftari lake lilisema kwamba ini hutoa povu. Aliyetazama huandika ukweli, kisha hukumbuka kwamba ndani ya ini mna kimeng'enya kiivunjacho dawa ile na kutoa hewa ya oksijeni, na kwamba joto la maji yachemkayo limekwisha kukiharibu.

Jaribio hilo halidai jumba la maabara. Ini hupatikana buchani sokoni, na peroksaidi huuzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya kuoshea vidonda. Kadhalika kiazi kilichokatwa vipande virefu, kimoja kikitiwa katika maji matupu na kingine katika maji ya chumvi, kitamwonyesha mtoto habari ya osmosisi kuliko kurasa kumi za kitabu: cha kwanza hukakamaa, cha pili hulegea na kufupika. Mwaka 1998 serikali ya Kenya ikishirikiana na shirika la Kijapani la JICA ilianza mradi wa kuwafunza upya walimu wa hesabu na sayansi, na moja ya nguzo zake ilikuwa hiyo, kutumia vitu vya mahali penyewe pasipo na vyombo vya dukani. Walimu wengine waliucheka wakauita ufundi wa kimaskini. Sioni kwamba walikuwa na haki. Kiazi cha Bokoli hufuata kanuni ile ile kinayoifuata kiazi cha Cambridge.

Sasa nije kwenye sehemu inayowatisha watahiniwa kuliko zote, yaani urithi, ambayo hufundishwa katika kidato cha nne. Wengi huona kwamba hesabu zile za jeni na herufi kubwa na ndogo ni mafumbo ya Wazungu. Nami huwaambia watazame kaskazini, Kitale.

Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kitale, mwaka 1955, bwana mmoja aitwaye Michael Harrison alianza kazi ya kuboresha mahindi. Wakati ule nchi ya Trans Nzoia ilikuwa ya walowezi, na mahindi yaliyolimwa yalikuwa ya jamii nyeupe, yenye punje bapa, yaliyokwisha kuzoea nyanda za juu za Kenya. Kutokana na hayo ilipatikana mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1961. Ilikuwa bora kuliko iliyotangulia, ila mahindi yote ya namna hiyo yalikuwa ndugu wa karibu, na ndugu wakizaana wao kwa wao hapana jipya kubwa linalotokea. Harrison alikuwa ameleta mbegu ngeni kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati, na miongoni mwake ilikuwamo moja ya nyanda za juu za Ecuador, iliyoandikwa Ecuador 573. Peke yake haikuwa na sifa kubwa hapa kwetu. Lakini ilipounganishwa na ile ya Kitale, watoto wao waliwapita wazazi wote wawili. Mbegu hiyo ya chotara, H611, ilitolewa mwaka 1964, na mazao yake yaliizidi Kitale Synthetic II kwa takriban asilimia 40.

Mwanafunzi atazame mambo yaliyomo katika habari hiyo. Kwanza, wazazi waliokaa mbali kwa karne nyingi huwa na jeni zinazotofautiana, na mtoto wao hupata nguvu ambayo hakuna mzazi aliyekuwa nayo peke yake. Hilo ni swali la mtihani. Pili, mkulima akichukua punje za chotara huyo akazipanda tena mwaka wa pili, jeni hutawanyika upya, mimea haifanani, na mazao hupungua. Hilo nalo ni swali la mtihani, tena ni swali la kila nyumba, kwa kuwa mzazi asiye na fedha za kununua mbegu mpya hujaribu kupanda zile za ghalani, kisha akashangaa. Namba zile zinazoanza na 6, ambazo kila mtoto wa Bungoma ameziona juu ya mifuko ya mbegu, ni kizazi cha kazi ile ya Kitale. Mbegu zilikusudiwa kwanza mashamba makubwa, lakini wakulima wadogo wa magharibi walizipokea kwa kasi.

Tena hindi lenyewe ni kitabu. Shada la kilele ndilo ua dume, nazo ndevu zilizo juu ya gunzi ni sehemu ya ua jike, na kila uzi mmoja wa ndevu hizo umefungamana na punje moja. Uzi usiopata chavua hauzai punje, na ndiyo maana hindi jingine huwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Chavua huchukuliwa na upepo, basi lazima iwe nyepesi na nyingi, na ua halina haja ya rangi wala harufu ya kumwita nyuki. Katika mashamba ya mbegu, vibarua hupita katika mistari ya mimea iliyochaguliwa kuwa majike na kung'oa mashada kabla hayajamwaga chavua, ili mmea usijichavushe wenyewe. Mtu aliyeifahamu kazi ya vibarua hao ana majibu ya nusu ya sura ya uzazi wa mimea.

Kutoka mahindi mtihani huingia katika damu ya watu, na hapa swali huwa zito zaidi. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza habari za mgonjwa ambaye chembe nyekundu za damu yake zilikuwa zimepinda mfano wa mundu. Kwa Kiswahili twauita ugonjwa huo selimundu. Ulikuwapo katika Afrika kabla ya Herrick kuzaliwa, ila watu waliuona kwa namna nyingine: mtoto mwenye maumivu ya mifupa, macho ya manjano, damu haba, na aghalabu kaburi dogo kabla ya miaka mitano.

Mtu aliyefumbua fumbo kubwa la ugonjwa huo alikulia hapa Kenya. Anthony Allison, mtoto wa mlowezi, alirudi mwaka 1949 pamoja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, akakusanya damu ya watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona jambo la ajabu. Miongoni mwa watu wa pwani na wale wa kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni ya selimundu upande mmoja, nao hawakuwa wagonjwa. Katika nyanda za juu zenye baridi, hawakufika hata mmoja katika 100. Kama jeni hii huua, kwa nini haikupotea? Na kwa nini imefuata joto na maji? Allison alifikiri kwamba jibu ni malaria, akalitafutia ushahidi, na mwaka 1954 akalitangaza: aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Basi palipo na mbu wengi, mbebaji huishi na kuzaa, na jeni huendelea.

Bungoma imo katika mikoa ya magharibi ambamo malaria haijapata kuhama, kati ya ziwa na nyanda za juu. Kwa hiyo swali hili si la watu wa mbali. Mtahini huliandika kwa maneno makavu: mume na mke wote ni wabebaji, onyesha uwezekano wa watoto wao. Mtahiniwa huchora mraba wake, akapata robo wazima kabisa, nusu wabebaji, robo wagonjwa. Alama nne. Lakini wengi huongeza kosa moja, nalo ni kudhani kwamba katika watoto wanne lazima mmoja awe mgonjwa, na akishapatikana huyo, watatu watakaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba ni kura mpya, na hesabu huanza tena. Yawezekana wote wanne wawe wazima, yawezekana wawili wawe wagonjwa.

Kosa hilo humpotezea mtahiniwa alama moja. Nyumbani huweza kumpotezea mtu mengi zaidi. Wako mama waliolaumiwa kwa vifo vya watoto wao, na majirani walioshukiwa uchawi, na mraba ule ule wa daftari unaonyesha wazi kwamba mtoto hawi mgonjwa mpaka apokee jeni kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Katika darasa la watoto arobaini yumkini yupo mmoja mwenye ndugu mgonjwa, naye huwa ameinamisha kichwa wakati wengine wanapojaza mraba. Mwalimu afundishapo sura hii na apime maneno yake.

Habari za mageuko ya viumbe hazitanichukua muda. Wako wanafunzi, wala si wachache katika nchi hii ya makanisa, wanaoiogopa sura hiyo kwa ajili ya imani yao. Mtihani hauulizi imani, huuliza ushahidi, na ushahidi mwingine umechimbwa kwetu: fuvu la Proconsul alilolipata Mary Leakey katika kisiwa cha Rusinga mwaka 1948, na mifupa ya kijana wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, yenye umri wa takriban miaka milioni moja na nusu. Asiyetaka kuanza na mifupa na aanze na klorokwini. Dawa hiyo ilitibu malaria kwa miaka mingi, mpaka vijidudu vichache vilivyoweza kuistahimili vikabaki na kuzaana, na mwaka 1998 Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza. Iliyoifuata nayo ikashindwa upesi, na mwaka 2004 ikaamuliwa kuhamia dawa mseto zenye asili ya mmea wa artemisia. Huo ndio uteuzi wa asili, umetendeka katika muda wa mtu mmoja.

Ipo njia nyingine ya kujitayarisha, ambayo historia haiwezi kuinyamazia, nayo ni kununua maswali. Mwaka 2015 mitihani ilivuja vibaya. Mwezi wa Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa, na karatasi zikaanza kuhifadhiwa katika makontena ambayo wakuu wa shule huziendea kila asubuhi ya mtihani. Mwaka 2015 watahiniwa waliopata daraja la A walizidi 2,000. Mwaka 2016 walikuwa 141. Palikuwa na malumbano mengi juu ya namna alama zilivyotolewa mwaka ule, lakini tofauti ya hesabu hizo mbili kila mtu na aitazame mwenyewe.

Liko na jambo la lugha. Mtoto wa Bokoli huota kwa Kibukusu, hutania kwa Kiswahili, na hujibu mtihani kwa Kiingereza. Akiambiwa ataje, na ataje tu. Akiambiwa aeleze, asiishie kutaja, bali atoe sababu. Alama nyingi hupotea hapo, kwa wanafunzi wanaojua jibu lakini hawakusikia walichoulizwa. Ningeshauri mtahiniwa asimulie jibu lake kwanza kwa lugha ya nyumbani, kwa nduguye mdogo asiyejua kitu. Akiweza kumfahamisha huyo, Kiingereza kitakuja.

Mwaka 2020 shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya maradhi ya korona, kidato cha nne kikarudi Oktoba, na mtihani ukafanywa mwaka 2021. Katika miezi ile mtoto asiye na mwalimu wala maabara alibaki na shamba, mto na jiko. Wako waliorudi wakiwa wamesahau kila kitu, na wako waliorudi na maswali ambayo hawakuwa nayo walipoondoka.

Mtihani wenyewe umefika ukingoni. Watoto waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio waliopangiwa KCSE ya mwisho mwaka 2027, na katika mtaala ulioufuata Biolojia ni somo la kuchaguliwa na wale wanaofuata njia ya sayansi. Katika karatasi ya vitendo picha zimechukua mahali pa vielelezo vingi, kwa kuwa picha haiozi wala hairuki. Panzi, hata hivyo, angali anapatikana bure katika majani ya Bokoli. Na amfuatiliaye aende alfajiri, kwa kuwa joto la mwili wa panzi hufuata joto la hewa, na kabla ya jua kupanda hukamatwa kwa mkono bila taabu.